Miezi Saba ya Kutoelewa Saraka

Kwa miezi saba kiti cha shangazi yangu kililindwa na vitabu tisa ambavyo hakuna mtu hospitalini kwetu aliyevielewa. Mtu wa kwanza kutovielewa nilikuwa mimi, tena nililipwa kwa kazi hiyo, ingawa barua yangu ya uteuzi ilisema kinyume chake.

Shangazi ni dada mkubwa wa marehemu baba. Wazazi wangu walipofariki, mmoja baada ya mwingine, mimi nikiwa bado sijang'oka meno ya utoto, ndugu walikaa kikao kirefu kuhusu nani anichukue, na kikao kilikuwa bado kinaendelea shangazi aliponishika mkono akaniondoa. Yeye na mumewe hawakujaaliwa mtoto. Mume naye akatangulia. Akabaki na mimi, kisha mimi nikaoa nikahama, kwa hiyo akabaki na kazi.

Kazi yenyewe ilikuwa kwenye chumba cha simu, chini ya ngazi za jengo la utawala, chumba ambacho watu wawili wakiingia mmoja lazima asimame. Miaka thelathini na moja alikaa humo na hedifoni masikioni, akiunganisha simu. Hospitali nzima ilimwita Mama Simu. Alikuwa na daftari la namba, lakini alilifungua kwa heshima tu. Namba zote mia sita zilikuwa kichwani mwake, pamoja na habari za nani katoka kunywa chai, nani yuko likizo na nani hasemi na nani tangu mwaka juzi. Siku moja nilimshauri apumzike mapema, akanitazama kama nimemtukana. "Nyumbani nina kuta nne na redio," alisema. "Hapa nina watu mia sita, na wote wananihitaji."

Basi Mkurugenzi wetu akaenda semina ya wiki mbili, akarudi na neno saraka. Alilitamka kwenye kila kikao, hata kile cha kujadili mapazia. Saraka, alitueleza, ni daftari moja kuu linalokaa ndani ya mtandao wa kompyuta: kila mfanyakazi, kila chumba, kila simu, kila printa, vyote vimeandikwa humo, na kompyuta yoyote ikiuliza fulani yuko wapi inajibiwa papo hapo. Hospitali za wenzetu zinayo, alisema, sisi bado tunamuuliza mama mmoja chini ya ngazi. Wiki iliyofuata tangazo likabandikwa ubaoni: saraka itakapowashwa, chumba cha simu kitafungwa, na Mama Simu atapumzishwa kwa heshima zote, miaka miwili kabla ya wakati wake. Shangazi alilisoma tangazo lile kama wengine, kisha akarudi kukaa, kwa sababu simu zilikuwa zinaita.

Akaja mtaalamu wa kukodiwa. Alifunga mitambo kwenye chumba kimoja chenye baridi, akaweka mezani vitabu tisa vinene vya viwango vya saraka, yaani kanuni ambazo mitambo ya namna hiyo hufuata ili ielewane, akasema, "Kila kitu kimo humo," akapanda gari lake. Hatukumwona tena.

Mahali pengine mitambo ingewashwa siku hiyohiyo na kila mtu angejifanya anajua. Kwetu haikuwezekana, kwa sababu ya mashuka. Miaka mitano nyuma tulinunua mtambo wa kufulia. Wajumbe wa kamati walitia sahihi kwamba wameusoma mwongozo wake na kuuelewa, na hakuna aliyekuwa amefungua hata jalada. Siku ya kwanza mtambo ulichemsha mashuka ya wodi tatu pamoja na makoti yote ya chumba cha upasuaji, na makoti yakatoka yakimtosha mtoto wa chekechea. Waliotia sahihi waliitwa mmoja mmoja kujieleza kwa maandishi. Tangu hapo ikabuniwa fomu inayoitwa Nimeelewa. Mtambo wowote mpya hauwashwi mpaka kila mjumbe aandike kwa mkono wake kwamba ameelewa, atie sahihi, na akubali kuja kuulizwa. Watu ambao maisha yao yote walikuwa wakielewa kila kitu wakawa ghafla wanyenyekevu.

Kamati ilikuwa na wajumbe watano: Mkurugenzi mwenyewe, Muuguzi Mkuu, Mfamasia, na mabwana wawili wa utawala ambao walikubaliana na Mkurugenzi kwa zamu. Hakuna aliyekuwa na nia ya kusoma vitabu tisa. Ikaamuliwa atafutwe mtu avisome kwa niaba yao, avielewe, kisha awaeleze mpaka nao waelewe. Wakanichagua mimi, karani wa masijala, kwa sababu mbili: navaa miwani, na siku moja niliipiga printa kofi ikafanya kazi. Wengi waliniita Miwani kabla ya hapo. Baada ya hapo hata Mkurugenzi alisahau jina langu la cheti.

Vitabu vilikuwa vya Kiswahili, hilo nikiri. Kila neno peke yake nilikuwa nimewahi kukutana nalo. "Ingizo ni mkusanyiko wa sifa," kilisema kitabu cha pili. "Sifa ni aina pamoja na thamani zake. Thamani ni kile ambacho aina inaruhusu kiwe thamani. Kuhusu aina, tazama kitabu cha sita." Nikafungua cha sita. "Aina ni kile kinachoipa sifa thamani. Kuhusu sifa, tazama kitabu cha pili." Nilikwenda na kurudi kati ya vitabu viwili hivyo wiki nzima, kalamu nyekundu mkononi. Kulikuwa na mti pia, mti ambao mzizi wake uko juu na majani yako chini, na kitabu kilizungumza habari zake bila aibu yoyote. Kulikuwa na vivuli vya saraka, lakabu za maingizo, na sura nzima kuhusu hali ambapo jibu sahihi ni kutojibu. Mke wangu alisema tangu tuoane hajawahi kuniona nikilala saa mbili usiku.

Miezi miwili ya kwanza sikuelewa kitu, kwa uaminifu kabisa. Nasisitiza jambo hilo kwa sababu yaliyofuata hayana uaminifu. Kila Jumatano kamati ilikaa, mimi nikasoma kurasa mbili kwa sauti, wajumbe wakatikisa vichwa, fomu zikarudishwa kwenye jalada zikiwa tupu. Akili ni nywele, kila mtu ana zake, lakini kwenye chumba kile wote tulikuwa na upara.

Mwezi wa tatu nikaanza kwenda kusomea kwa shangazi saa ya chakula cha mchana. Nilikuwa sijakaa naye hivyo tangu nioe. Alinipa stuli nikaikalia mlangoni, mwenyewe akala kwa mkono mmoja huku mwingine ukicheza na vitufe. Siku moja nilikuwa na kitabu cha pili magotini, nikipambana na kifungu kinachosema kwamba jina kamili la kitu ni majina ya matawi yote kutoka shinani hadi kwenye jani, na kwamba chini ya tawi moja majina mawili hayawezi kufanana. Simu ikaita. Mtu alikuwa anamtaka daktari.

"Daktari wa wapi?" shangazi akamuuliza. "Jengo la watoto. Haya, orofa ya ngapi? Ya pili. Chumba cha sindano? Basi unamtaka yule mrefu, maana wa orofa ya tatu ni mwingine."

Nikainua macho. Simu ya pili ilikuwa ya mtu anayetafuta kliniki ya mji mwingine. Shangazi akamwambia hao si wa kwetu, chukua namba hii uwaulize wenyewe. Ya tatu ilikuwa ya mzee aliyemtaka mtu wa kliniki ileile, na sauti yake ilikuwa imechoka. Huyo hakumpa namba. Alimwambia asikate, akapiga kule yeye mwenyewe, akauliza, akamrudia na jibu. Kitabu cha nne kilikuwa kimetumia kurasa themanini na sita kueleza kwamba mtambo usio na jibu unaweza kumwelekeza mwulizaji kwingine au unaweza kumtafutia. Nilikuwa nimezisoma zote themanini na sita, na mpaka dakika ile nilidhani zinahusu umeme. Simu ya nne mtu alitaka namba ya nyumbani ya Mkurugenzi. "Ninayo," shangazi alisema, "lakini wewe si wa kupewa." Hicho kilikuwa kitabu cha tisa, chote.

Nikafunga kitabu. Nilikuwa nimeelewa. Kuelewa kulinijia kama mafua, bila kutaka, na furaha yake ilidumu kama dakika moja. Kisha nikaona kilicho mbele yangu. Nikienda Jumatano nikasema haya kama nilivyoyasikia, wajumbe watatia sahihi, mitambo itawashwa, na mwanamke huyu aliyekaa mbele yangu akifuta vidole atapelekwa kwenye kuta zake nne. Nikapiga hesabu: vitabu tisa, na shangazi amebakiza miezi ishirini na miwili afike umri wa kustaafu. Kitabu kimoja kwa miezi miwili na nusu hivi. Kwa mtu mwenye bidii, kutoelewa kwa kiasi hicho kuliwezekana.

Nikajitia hamnazo. Wasomaji wasiowahi kufanya kazi hiyo wanadhani ni rahisi. Mjinga wa kweli hukosea ovyo, na kuna siku hupatia kwa bahati mbaya. Mimi ilinibidi nielewe kila kifungu barabara ili nijue nikipinde wapi. Nilichora michoro yenye mishale inayozunguka na kurudi ilikotoka. Nilimwuliza Mkurugenzi, kwa unyenyekevu, kama yeye anaonaje tofauti kati ya sifa ya lazima na sifa ya hiari katika tabaka saidizi, naye akasema jambo hilo lahitaji muda. Taarifa zangu za kila mwezi zilisifiwa. Muuguzi Mkuu, mama mkali ambaye hata madaktari walimpisha kwenye korido, aliniambia mbele za watu kwamba ananionea huruma kwa mzigo niliobeba.

Mtu mmoja tu alinitoa kijasho chembamba, naye alikuwa Mfamasia, kijana wa sauti ya chini asiyesema sana. Mwezi wa tano aliinua mkono. Alisema amefikiri, na anaona kama huu mti ni sawa na stoo yake ya dawa: kuna chumba, ndani yake kabati, ndani yake rafu, ndani yake chupa, na ukitaka chupa unataja njia yote. Akaongeza kwamba ikiwa hivyo ndivyo, basi kitabu cha pili hakimtishi tena.

Alikuwa amepatia mia kwa mia. Wajumbe walianza kugeuka kumtazama, na bwana mmoja wa utawala alishaanza kutoa kalamu mfukoni. Nikavaa miwani ya mbao. "Ingekuwa rahisi hivyo, daktari wa dawa," nilisema nikitabasamu, "wangeandika vitabu tisa?"

Kamati ikacheka. Mkurugenzi akacheka zaidi, kwa sababu alikuwa nusura aelewe na ilimpa nafuu kuambiwa si hivyo. Mfamasia akainamisha kichwa, na tangu siku ile hakuinua mkono tena. Usiku ule sikulala mapema. Nilikuwa nimemwita mtu mwenye akili mjinga mbele ya wenzake, na niliona aibu, lakini si aibu ya kunifanya niseme kweli.

Mchana niliendelea kwenda kwa shangazi. Hapo ndipo palikuwa pagumu kuliko kwenye kamati, kwa sababu yeye alikuwa anataka kwa moyo wake wote nielewe. Kila siku, nikishamwamkia na akishaitikia, swali lake lilikuwa moja: nimekwama wapi. Nikimwonyesha kifungu, aliniambia nimsomee polepole, akafumba macho, akanieleza. "Lakabu ni daktari wetu wa upasuaji, ambaye kina mama humwita Babu Mkasi. Ukimwomba Babu Mkasi nakuunganisha kwa yuleyule. Kivuli ni daftari la binti anayenipokea nikienda haja. Hulinakili kutoka kwangu kila Jumatatu, na ikifika Alhamisi limeshakuwa na uongo ndani yake, si kwa kosa lake." Mimi nikakuna kichwa, nikasema bado halijaniingia. Naye hakuchoka. Alijaribu njia nyingine, na nyingine. Nilikuwa namdanganya mtu aliyenifundisha kufunga kamba za viatu, na nilijiambia ni kwa faida yake.

Mara moja tu nilijaribu kumzuia. Nilimwambia kwamba siku nitakayoelewa, yeye atafungiwa chumba. Alikuwa amebonyeza kitufe akimsubirisha mtu. "Hilo limebandikwa ubaoni," alisema. "Niambie ulipokwama."

Mwezi wa saba Mkurugenzi akaishiwa uvumilivu. Mwenzake wa hospitali ya jirani alikuwa amewasha ya kwake, na kila walipokutana alimuuliza kwa upole saraka yetu inaendeleaje. Ikatoka barua: Jumatano ijayo ni mara ya mwisho. Nikishindwa kuwaelewesha wajumbe, nitarudishwa masijala na onyo la maandishi kwamba kazi imenishinda, na atatafutwa mtaalamu mwingine kutoka nje. Nilisoma barua ile mara mbili, na moyo wangu ukatulia. Nilijua taratibu za hospitali yetu za kumtafuta mtaalamu kutoka nje: tangazo, maombi, mchujo, rufaa ya aliyechujwa, tangazo upya. Mwaka mzima ungepita kabla hajafika mtu, na huyo angeanza kitabu cha kwanza. Shangazi angestaafu kwa wakati wake, na keki ingekatwa. Mimi ningebaki na karatasi moja ya aibu kwenye jalada langu, na jalada lenyewe liko masijala, chini ya ufunguo wangu. Mke wangu nilimweleza yote. Aliniambia mimi ni mwehu, kisha akaninyooshea shati.

Jumatano nikaingia nimejiandaa kushindwa kwa ustadi. Nilikuwa na mchoro mpya, mkubwa, wenye mishale ya rangi tatu. Nisichokitegemea ni kumkuta shangazi. Mkurugenzi alikuwa amemwita alete daftari la namba zote, ili kamati ilione na kulipiga mhuri, naye aliambiwa asubiri kwenye benchi karibu na mlango. Alikuwa amelipakata daftari, ameketi wima kama mgonjwa anayesubiri kuitwa.

Nilizungumza dakika ishirini. Ilikuwa kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya. Nilipomaliza, Muuguzi Mkuu alikuwa anakanda paji la uso. Mkurugenzi alisukuma fomu zake pembeni. Hakunitazama mimi. Alimtazama shangazi.

"Mama Simu, huyu si mtoto wako?" alisema. "Tumempa miezi saba. Mtoto wa darasa la tatu angekuwa ameelewa. Nasikitika kusema, lakini tulimwona ana miwani tukadhani ana akili. Kumbe ni mjinga tu, tena mjinga wa kawaida."

Mabwana wawili wa utawala wakacheka kwa pamoja, zamu zao zikiwa zimegongana. Mimi nikatazama chini kama inavyompasa aliyeshindwa. Ndani sikuumia hata kidogo. Nilikuwa nahesabu: onyo, tangazo, maombi, mchujo.

Nikasikia benchi likilia. Shangazi alikuwa amesimama. Aliomba ruhusa kwa Mkurugenzi kwa adabu kamili, kama anavyoomba kumsubirisha mtu kwenye simu, akasogea mezani bila kungoja ruhusa ifike. Nikamkonyeza. Nikatikisa kichwa. Nikamkanyaga mguu, Mungu anisamehe, mtu mzima yule. Aliuondoa mguu wake, akaufungua ukurasa wa kwanza wa daftari.

Alizungumza kwa muda mfupi kuliko mimi. Alimuuliza Muuguzi Mkuu, akitaka chumba cha kujifungulia huwa anasemaje. Muuguzi Mkuu akajibu: jengo la akina mama, orofa ya chini, mlango wa kushoto. "Hilo ndilo jina lake kamili," shangazi akasema, "na mti wao ndio huo, wameuchora kichwa chini tu." Akawaambia habari za kuelekeza na kutafutia. Akawaambia nani ana vivuli na vivuli vinachakaa lini. Akamgeukia Mkurugenzi, akamwambia namba yake ya nyumbani anayo kwa miaka kumi na moja na haijawahi kumtoka mdomoni, na kwamba kitabu cha tisa kinaagiza mitambo iwe na mdomo wa namna hiyo. Hakutazama mchoro wangu hata mara moja.

"Miwani ndiye aliyenisomea vyote," alimaliza. "Kila mchana, kwa miezi mitano. Nisingejua lolote bila yeye. Vimempalia hapa kwa sababu ya hofu, lakini kichwani anavyo. Huyu si mjinga, bwana Mkurugenzi. Nimemlea mimi."

Muuguzi Mkuu alikuwa wa kwanza kuchukua kalamu. Mfamasia wa pili. Alitia sahihi taratibu, kisha akaniangalia kwa muda mrefu, na nikajua kwamba amekumbuka kabati lake la dawa na amejumlisha moja na moja. Akapitisha kalamu. Mabwana wa utawala wakafuata. Mkurugenzi aliandika neno Nimeelewa kwa herufi kubwa, akalipigia mstari, akasimama akampa shangazi mkono. Alimshukuru kwa mchango wake uliotukuka. Bila kuuachia mkono ule akaagiza mitambo iwashwe tarehe ya kwanza na chumba cha simu kifungwe jioni ya siku iliyotangulia. Zilikuwa zimebaki siku kumi na tisa. Mimi nikapandishwa cheo palepale, nikawa msimamizi wa saraka.

Shangazi aliaga, akatoka. Aliacha daftari mezani, kwa kuwa sasa lilikuwa mali ya kamati. Nilimfuata mpaka chini ya ngazi. Binti wa kumpokea alimpisha kiti, akatuona nyuso zetu, akakumbuka ana shughuli mahali. Shangazi akakaa, akavaa hedifoni upande mmoja. Mimi nilibaki nimesimama.

"Ungenyamaza tu, shangazi," nilisema. "Ungenyamaza ungemaliza muda wako hapahapa. Nilikuwa nimepanga kila kitu."

"Najua."

"Unajua nini?"

"Najua ulishaelewa. Tangu siku ile ya yule mzee wa kliniki. Ulifunga kitabu kabla ya ukurasa kuisha. Ulipokuwa shule, ukipata jibu la hesabu ulikuwa unafunga daftari hivyohivyo, halafu unakwenda kucheza bila kuliandika. Nilikuchapa sana kwa hilo."

Nilimuuliza, kama alijua, kwa nini basi alihangaika kunieleza kila siku miezi yote ile, lakabu, vivuli, na yote. Alinyoosha waya wa hedifoni uliokuwa umejikunja.

"Ulikuwa unakuja kila siku," alisema. "Tangu uoe ulikuwa hujawahi kuja siku mbili mfululizo. Nikasema, acha asielewe, mimi nitamweleza. Ningekueleza mpaka nistaafu, baba. Lakini leo yule mtu kakuita mjinga, na mimi nimekaa pale, watu wanacheka. Hiki ni kiti tu."

Nikalia. Mwanamume wa miaka thelathini na mitatu, msimamizi wa saraka, nikalia nimesimama kwenye chumba kisicho na nafasi ya kugeuka ili nisionekane. Nilimwambia kwamba hata chumba kikifungwa hakuna kitakachobadilika. Nitakuja nyumbani kwake kila siku, nikitoka kazini nipitie kwake kwanza, iwe mvua iwe jua.

"Utakuja," alisema. Alisema hivyo kwa ile sauti anayowapa wapigaji simu anapowaambia daktari yuko njiani, naye anajua daktari bado hajatoka nyumbani kwake. Kisha taa nyekundu ikawaka mbele yake, akanipa mgongo, akaitika.